Alama Zitolewe Kabla ya Rangi

Miongoni mwa masomo ya shule zetu za msingi, ni vigumu kupata lililosifiwa sana kwa maneno na kupuuzwa sana kwa matendo kama kazi za mikono. Tangu Mwalimu Julius Nyerere alipotoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967, na hasa baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, walimu wa Tanzania wamekuwa wakiambiwa kwamba kazi ni sehemu ya elimu. Majina ya somo lenyewe yamebadilika kadiri miaka ilivyopita, na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imelirudisha neno amali vinywani mwa watu. Hata hivyo, mara nyingi kazi shuleni imebaki katika sura mbili tu: ama ni kibarua cha kufagia na kufyeka, ama ni adhabu ya aliyechelewa.

Katika makala haya tunapenda kutoa maoni yetu juu ya sura ya tatu, yaani kazi iliyo somo, yenye shabaha, hatua na tathmini kama somo jingine lolote. Mfano wetu ni mmoja, nao ni mdogo: kupaka rangi mlango wa ndani wa mbao hata uso wake uwe laini. Twaamini kuwa mwanachuo atakayeweza kulifundisha jambo hili dogo ipasavyo ataweza kufundisha kazi nyingine nyingi.

Kwa nini mlango?

Huenda mwanachuo akauliza kwa nini tumechagua mlango, wala si mkeka au bustani. Sababu zetu ni tatu. Kwanza, mlango upo. Shule inaweza kukosa karakana, lakini haikosi mlango wa ofisi, wa stoo au wa kabati la vitabu. Pili, mlango wa ndani hautazamwi kwa mbali. Ukuta wa nje huonwa na mpita njia aliye hatua ishirini. Mlango wa ofisi huonwa na mtu aliyesimama mbele yake akingoja kukaribishwa, naye huushika kwa mkono wake. Kila kasoro yake huonekana na kuguswa. Tatu, ulaini wake una manufaa zaidi ya kupendeza macho. Uso laini hupanguswa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni ukatakata, bali uso wenye mikwaruzo huhifadhi jasho la viganja na vumbi, hata mbao inayozunguka kitasa ikawa nyeusi.

Jambo moja tuliseme mapema. Si kila mlango unafaa kupakwa rangi. Mbao nzuri kama mninga na mvule hupendeza kwa nyuzi zake zenyewe, na vanishi au mafuta huzitosha. Rangi inazifaa zaidi mbao nyepesi kama msonobari, na milango ya plaiwudi ambayo uso wake hauna sura ya kuonyesha. Mwanafunzi na ajifunze kuchagua kabla ya kupaka.

Kosa lililozoeleka

Aghalabu kazi hii hufanywa hivi. Habari hufika shuleni kwamba wiki ijayo atakuja mgeni, pengine mkaguzi, au mthibiti ubora kama aitwavyo siku hizi. Makopo ya rangi hununuliwa upesi. Wanafunzi wa darasa la saba huitwa nje ya kipindi, hupewa brashi, na kabla ya jua kuchwa milango yote inang'aa. Mgeni husifu, hutia saini kitabu cha wageni, akaenda zake. Haipiti miezi mingi ila rangi huanza kuvimba malengelenge na kubanduka vipande vipande, kwa kuwa ilipakwa juu ya vumbi, mafuta ya mikono na mbao mbichi.

Hasara ya rangi ni ndogo. Hasara kubwa ni ile waliyoipata wanafunzi. Siku ile walifundishwa kwamba kazi njema ni ile inayompendeza mgeni, na kwamba kilicho chini ya rangi hakimhusu mtu. Hakuna mwalimu aliyetamka maneno hayo, lakini somo lilieleweka vizuri kuliko masomo mengi yaliyoandikwa ubaoni. Mtoto aliyelipokea akiwa na umri wa miaka kumi na mitatu atalichukua hadi kwenye daftari lake, kwenye duka lake, na kesho kwenye ofisi ya umma. Samaki hukunjwa angali mbichi, na hukunjika kwa upande wowote anaokunjwa.

Rangi haifichi kasoro

Msingi wa somo letu ni ukweli mmoja ambao kila fundi anaujua na kila mwanafunzi anaukataa mpaka aone: rangi haifichi kasoro. Utando mmoja wa rangi ukishakauka ni mwembamba kuliko karatasi ya daftari. Utando mwembamba kiasi hicho hufuata kila bonde na kila kilima cha mbao iliyo chini yake. Zaidi ya hayo, rangi ya kung'aa hurudisha mwanga, na mwanga ukirudi huonyesha mikwaruzo ambayo katika mbao tupu haikuonekana.

Ukweli huu usihubiriwe darasani. Wanafunzi waachwe waugundue wenyewe, na jaribio la kuugundua ni rahisi. Mwalimu apate kwa seremala mabaki ya mbao, yenye urefu wa sentimita 20 hivi, moja kwa kila wanafunzi wawili. Kila kipande kigawanywe kwa mstari wa penseli. Nusu moja isuguliwe kwa msasa mpaka iwe laini. Nusu ya pili iachwe kama ilivyotoka kwenye msumeno. Kisha kipande chote kipakwe rangi ileile, kwa brashi ileile, siku ileile. Kesho yake wanafunzi wafumbe macho, wapitishe vidole, na waseme mstari wa penseli ulipokuwa. Hakuna atakayeshindwa. Wakifumbua macho na kukiinamisha kipande kuelekea dirishani, wataona kwa macho waliyoyajua kwa vidole. Baada ya hapo mwalimu hatahitaji kumlazimisha mtu kusugua mlango.

Hatua za kazi

Mwanachuo hana budi kuzijua hatua zenyewe kabla ya kuziandika katika andalio la somo. Tutazitaja kwa ufupi, tukikaa zaidi pale ambapo sababu yake inafaa kufundishwa.

Mlango ung'olewe bawaba, uvuliwe kitasa na komeo, ulazwe juu ya madawati mawili mahali penye hewa na pasipo upepo wa vumbi. Mlango uliolala haufanyi michirizi ya rangi kama uliosimama. Mbao iwe kavu. Mbao hunywa unyevu wa hewa wakati wa masika na kuutoa wakati wa kiangazi, ikivimba na kusinyaa. Rangi iliyopakwa juu ya mbao yenye maji husukumwa na unyevu unaotafuta kutoka. Hapa somo la sayansi limeingia lenyewe bila kuitwa.

Vichwa vya misumari vididimizwe chini kidogo ya uso wa mbao. Mashimo na nyufa vizibwe kwa unga laini wa mbao uliochanganywa na gundi, nao ujazwe mpaka upite uso kidogo, kwa maana ukikauka husinyaa. Mafundo ya mti hutoa utomvu, na utomvu huo hupenya rangi ukaacha madoa ya kahawia. Kwa hiyo mafundo yapakwe kwanza vanishi ya shelaki.

Ndipo uje msasa. Tuanze na msasa wa namba 80 au 100 penye ukwaruzo mwingi, tuendelee na 120, tumalizie na 180. Kadiri namba inavyozidi ndivyo chembe zinavyozidi kuwa ndogo. Msasa uzungushiwe kipande cha mbao ili shinikizo liwe sawa, na usuguaji ufuate nyuzi za mbao. Mkwaruzo unaokata nyuzi utaonekana hata chini ya rangi tatu. Ncha kali za mlango ziviringwe kidogo, kwa sababu rangi mbichi hujivuta kutoka kwenye ncha kali ikaacha utando dhaifu mahali pale panapogongwa zaidi. Vumbi lifutwe kwa brashi kavu, kisha kwa kitambaa kilicholowa kidogo, na sakafu inyunyiziwe maji ili vumbi lisiamke.

Rangi ya kwanza, ambayo mafundi huiita praima, kazi yake ni kuingia ndani ya mbao na kuziba vinyweleo, ili rangi zinazofuata zisinywewe hapa na kubaki pale. Ikikauka, uso utakuwa na ukwaruzo mpya, kwa kuwa umajimaji umeziinua nyuzi ndogo za mbao. Wanafunzi wengi hukata tamaa hapa wakidhani wameharibu. Mwalimu awaeleze kwamba ndivyo inavyopaswa kuwa, nao wasugue tena kwa wepesi kwa msasa wa namba 240. Fundi anayeruka usuguaji huu hupata mlango uliopakwa rangi, ila mlango laini haupati.

Rangi za juu ziwe mbili nyembamba. Mwenye haraka hupaka moja nzito, naye huadhibiwa na rangi yenyewe: rangi ya mafuta hukauka kwa kuvuta oksijeni ya hewani, hivyo rangi nzito hushika ngozi juu huku chini ingali mbichi, na uso hufanya makunyanzi. Rangi ichujwe kwa kitambaa chepesi. Brashi ichovywe theluthi moja tu ya manyoya yake. Katika mlango wenye paneli, zianze kingo za paneli, zifuate paneli zenyewe, kisha mhimili wa katikati, kisha mihimili ya ulalo, na mwisho mihimili mirefu ya pembeni. Kila sehemu imaliziwe kwa kupitisha ncha za brashi kwa wepesi, kwa kufuata nyuzi, kuelekea sehemu ambayo bado mbichi. Mahali palipoanza kushika pasirudiwe, kwani hapo ndipo mistari ya brashi huzaliwa. Kingo za juu na chini za mlango zisisahauliwe ati kwa kuwa hazionekani. Unyevu huingia kwa urahisi zaidi pale ambapo nyuzi za mbao zimekatwa.

Baina ya rangi na rangi kuna kungoja. Rangi ya mafuta yaweza kudai siku nzima. Muda huo usipotee. Mlango wa upana wa sentimita 80 na urefu wa mita 2 una mita za mraba 1.6 upande mmoja, na 3.2 pande zote mbili. Ikiwa kopo limeandikwa kwamba lita moja hutosha mita za mraba 12, wanafunzi wakokotoe rangi ya kutosha tabaka tatu. Watapata lita 0.8, nao watafahamu kwa nini shule yenye milango kumi isinunue ndoo ya lita 20.

Tahadhari za lazima

Hakuna mlango unaolingana thamani na pafu la mtoto. Kwa hiyo mwalimu azingatie mambo matatu. La kwanza ni rangi ya zamani. Rangi nyingi za miaka iliyopita zilitiwa madini ya risasi, na Shirika la Afya Duniani limesema kwamba hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama mwilini. Vumbi la rangi hiyo likisuguliwa kwa msasa mkavu humwingia mtoto kwa pumzi na kwa mikono. Kwa sababu hiyo, wanafunzi wasikwangue wala kusugua milango iliyokwisha kupakwa rangi isiyojulikana. Wapewe mlango mpya, au mbao tupu.

La pili ni mvuke wa thina na tapentaini. Penye uwezekano, itumike rangi ya maji yenye kufaa mbao, nayo ipakwe mahali penye madirisha wazi. La tatu halijulikani na wengi. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani vikirundikwa pembeni hupata joto vyenyewe kadiri mafuta yanavyokauka, na vyaweza kuwaka moto bila kiberiti. Vitandazwe nje vikauke, au vitiwe ndani ya maji.

Tathmini

Sasa tunafika kwenye hoja yetu kuu. Ikiwa mwalimu atatoa alama siku ya mwisho, mbele ya mlango unaong'aa, atakuwa amerudia kosa la yule anayemsubiri mgeni. Wanafunzi wana akili; hufanya kile kinachopimwa. Kwa maoni yetu, alama nyingi zitolewe kabla kopo la rangi ya juu halijafunguliwa.

Tunapendekeza mgawanyo huu katika alama 100. Mpango wa kazi na makadirio ya rangi vipewe 15; usuguaji 20; kuziba mashimo na mafundo 15; usafi wa uso kabla ya rangi 10. Hizo ni 60, na mlango bado haujapakwa rangi ya juu. Upakaji wenyewe upewe 30, na 10 za mwisho ziwe za kusafisha brashi, kufunga makopo na kupanga vifaa. Mwanafunzi aone katika daftari la alama kwamba sehemu kubwa ya heshima yake imo katika kazi ambayo rangi itaifunika.

Upimaji nao ufanywe na wanafunzi wenyewe kwanza. Kundi moja lipitishe viganja juu ya kazi ya kundi jingine, macho yamefumbwa, na liweke alama ya chaki kila mahali panapokwaruza. Mwalimu asishike msasa kumrekebishia mwanafunzi. Otto Salomon, aliyefundisha walimu wa kazi za mikono huko Nääs, Uswidi, katika karne ya 19, alisisitiza kwamba mkono wa mwalimu usiiguse kazi ya mwanafunzi. Nchi jirani ya Ufini ilikuwa imekwisha kuifanya kazi ya mikono kuwa somo la lazima katika shule zake za umma mwaka 1866. Shabaha ya waanzilishi hao haikuwa kuwageuza watoto wote kuwa maseremala. Walitaka mtoto azoee usahihi, subira na heshima kwa kazi, na hayo hayapatikani akiwa mwalimu ndiye amalizaye.

Hoja za wapingaji

Tunajua kwamba hoja tatu zitatolewa. Ya kwanza ni uchache wa muda: kipindi ni cha dakika arobaini tu. Ni kweli, na ndiyo sababu kazi hii isibanwe katika kipindi kimoja. Igawanywe katika majuma manne: la kwanza jaribio la vipande, la pili kuziba na kusugua, la tatu rangi ya kwanza na usuguaji wake, la nne rangi za juu. Rangi hukauka wakati wanafunzi wanapofanya hesabu, na haimdai mwalimu dakika moja.

Ya pili ni wingi wa wanafunzi. Mlango mmoja hauwezi kushikwa na watoto sitini. Lakini vipande thelathini vya mabaki vinaweza, na mlango wenyewe wapewe makundi kwa zamu, kila kundi na hatua yake. Kundi lililosugua litalidai kundi la rangi lisiharibu kazi yake, na hapo ushirikiano utafundishwa bila hotuba.

Ya tatu ni nzito zaidi: wazazi watasema watoto wao wanafanyishwa kibarua. Mzazi asemaye hivyo asipuuzwe, maana mara nyingi amesema kweli. Mwalimu na ajipime kwa swali moja: je, mlango huu ukiwa tayari, mtoto anaweza kueleza kwa nini kila hatua ilifanyika? Akiweza, amesoma. Asipoweza, ametumikishwa, hata kama mlango ni laini kama kioo.

Wito wetu

Ndugu wanachuo, karibuni mtakwenda katika mazoezi ya kufundisha, na wengi wenu mtakuta shule ambazo mwalimu mkuu anasubiri mgeni na makopo ya rangi yako tayari. Mtaombwa muwakusanye watoto. Mkubali kwa adabu, kisha muombe siku zaidi, mabaki ya mbao na karatasi chache za msasa. Mkinyimwa siku, upakwe mlango mmoja badala ya kumi, lakini upakwe kwa hatua zake zote, na watoto wasimame mbele yake waeleze walichofanya. Milango tisa itakayobaki inaweza kungoja muhula ujao.

Kabla ya kuifungua rangi ya juu, waiteni wanafunzi wote, waambieni wafumbe macho na wapitishe viganja juu ya mbao. Hapo ndipo mtoe alama.